Hita Nimeirudisha, Sasa Nenda

Sekela,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, umenuna, na mimi nimenuna kukuzidi, maana katika nyumba hii hakuna kitu umenishinda isipokuwa shule. Salamu nazo nimeziacha. Wapo watu wa kusalimiwa, na wewe leo si mmoja wao.

Umekwenda Busale kumuaga bibi yako, na najua utarudi jioni na mkungu wa ndizi ambao hutaula. Mimi niko kwenye benchi hapa nje, Ikolo yote imelala kwa joto, bati linalia juu ya kichwa changu kama linachomwa, na mikono yangu ina grisi mpaka viwikoni. Ndiyo maana karatasi hii imejaa alama za vidole kama ya kituo cha polisi. Vumilia. Mwandiko ni wa mtu aliyeishia darasa la sita, lakini aliyeishia akiwa wa kwanza darasani kwa kelele.

Ningekuambia kwa mdomo. Lakini sisi wawili tukifungua midomo, majirani wanasogeza viti.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule, usali, ufunge mlango, usimwamini mwanamume anayekuja kukopa chumvi. Una diploma ya kutibu ng'ombe. Kama hujui kwamba baridi inaua, basi hao ng'ombe wa Makete nawaonea huruma kuliko ninavyokuonea wewe. Nataka kukueleza habari moja tu, habari ya hita ya gari, na utaisoma mpaka mwisho kwa sababu ukiniachia katikati nitajua. Nina njia zangu. Mimi nilivuka Kasumulu kupeleka mchele Karonga kabla hujazaliwa, nimegombana na maaskari wa mpakani kwa lugha tatu na nikawashinda kwa ile ya nne ambayo hata mimi siijui. Barua haiwezi kunishinda.

Basi sikiliza.

Gari likishuka Kyela kutoka huko juu, jambo la kwanza tunalolifanyia ni kulikata hita, kama tunavyomnyoa mtoto mchanga. Fundi anaichukua ile mipira miwili inayopeleka maji ya moto ya injini kwenye kijirejeta kilichojificha nyuma ya dashibodi, anaing'oa huko ndani, anaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la baiskeli, basi, gari limekuwa la Kyela. Nani anataka moto ndani ya gari mahali ambapo kuku anataga yai limeshaiva? Hili langu nalo nilipolinunua kwenye mnada wa ule mradi wa maji, lililala siku moja tu na hita yake. Siku ya pili imekatwa. Sijutii. Ungeniambia leo nianze upya, ningeikata tena, na ningecheka tena.

Halafu ikaja kazi yako. Makete.

Mimi nikawalaani wote. Nililaani waliokaa mezani wakakupanga, nikalaani meza, nikamlaani aliyeichonga. Nilisema mtoto wangu wamemtupa kwenye friji. Pale kanisani niliwaambia wanawake wenzangu kwamba wakubwa wameniona, wameona binti yangu ana akili, wakamficha nyuma ya milima asije akawapokonya viti. Unakumbuka ulikuwa umesimama pembeni yangu, umeinamisha kichwa? Nilidhani ni unyenyekevu.

Nikasema sawa, mmempeleka, lakini hataenda kama mtoto asiye na kwao. Ataenda na gari. Huko vijiji viko mbalimbali, mtu wa mifugo hawezi kwenda kwa ng'ombe anayezaa huku anasubiri basi. Na gari la kwenda Makete lazima liwe na hita, na hapo mimi na wewe tunajua kwa nini. Wengine hawajui, kwa sababu wengine niliwaambia uongo.

Ulikuwa unang'oka meno ya mbele. Tulipandisha mchele kwenda kuubadilisha na viazi, mimi na wewe tu, tumepita Tukuyu tukiimba, tumekata kona ya Isyonje tukiimba, tukaanza kuupanda mlima wa Kitulo na nyimbo zikaisha. Baridi ilikuwa inaingia kwenye meno. Tukapandisha vioo vyote. Tukakaa humo ndani tunapumua, na pumzi zetu zikapanda kwenye kioo cha mbele kikawa cheupe kama ukuta uliopigwa chokaa. Huko nje ukungu, humu ndani ukungu. Nikakurushia khanga.

"Futa! Sekela, futa kioo!"

Ukafuta. Ukafuta vizuri sana, kwa bidii, umetoa ulimi nje.

"Gwe! Unafuta wapi?"

"Hapa kwangu, mama. Nione."

Ulikuwa umejifutia upande wako, dereva amekaa gizani! Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tuliposhuka tukakuta barabara ilikuwa imekata kushoto na sisi tulikuwa hatujakata. Gurudumu la mbele liko juu ya majani, na chini ya majani kuna vilele vya miti. Wewe ulilia. Mimi nilicheka, nikakojoa kidogo, nikacheka tena. Tuliporudi nikawatangazia watu wote wa Ikolo kwamba Mama Sekela ameendesha gari kwenye ukungu kwa kunusa. Wakapiga makofi. Wewe ulikuwa hapo, unaniangalia. Nadhani ndiyo siku ulipoanza kunichoka.

Kwa hiyo hita.

Nikampelekea gari Gwakisa, yule fundi wa nyuma ya soko pale Bondeni, ambaye tumbo lake linafika kwenye gari kabla ya spana.

"Ndaga, Mama Sekela. Leo limekufanya nini?"

"Nirudishie hita."

Akaweka kikombe cha chai chini. Akashika ukuta. Alicheka mpaka wauza mchele wakaja kuuliza nani amekufa.

"Hita? Kyela hii? Unataka kuivishia ndizi humo ndani?"

"Nimekuja na gari, sikuja kuchukua maoni."

"Mama, mnunulie binti chupa ya chai, ajaze chai ya moto, aikumbatie. Hita ni mambo ya Wazungu."

"Na tumbo lako ni mambo ya nani? Fungua boneti."

Akafungua. Kuna vile vidomo viwili vya chuma vinavyotoka ubavuni mwa injini, ndivyo vinavyovishwa ile mipira ya hita. Kwa nje vilikuwa vinang'aa. Mimi mwenyewe nilivipaka rangi ya fedha mwaka ule wa ubarikio wako, ili gari lipendeze mpaka ndani. Gwakisa akalegeza kibano, akaushika mpira, akauzungusha kidogo tu, na kidomo kikaja naye, kimo ndani ya mpira, kimeng'oka mpaka mzizi, kimelika kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Kutu tupu. Rangi yangu ya fedha ndiyo iliyokuwa imelishikilia lile bomba. Chuma kilishaondoka zamani.

Hii ndiyo raha yetu ya Kyela, Sekela. Tunakata hita, halafu kwa kuwa hatuna hita hatukumbuki kwamba vidomo bado vipo na maji bado yanapita. Tunajazia maji ya mto kwa kopo. Tope linatuama humo, linakula chuma kimya kimya. Juu unaona rangi.

Gwakisa akasema, "Nakuzibia na bolti. Sasa hivi tu unaondoka."

"Ziba mdomo wako na hiyo bolti. Nataka vidomo vipya."

Akakasirika. Mwanamume akikasirika anachukua nyundo. Akagonga kile cha pili ili kilegee, kikakatikia huko huko ndani, sawasawa na ukuta wa injini, hakuna hata pa kushika na praya. Akainuka akajifuta jasho, akasema ati injini yenyewe mbovu.

"Toka," nikamwambia. "Toka hapo kabla hujanipasulia injini ukasema ilizaliwa na ufa."

"Atakufungia nani? Mwanamke gani anafungua injini?"

"Huyu unayemwona. Na siku likiwaka nitapita hapa kwako, nitapiga honi mpaka mkeo aanze kucheza."

Nikalivuta gari mpaka nyumbani kwa trekta la jirani, umati unanifuata kama harusi. Na nilikuwa na furaha, unajua? Nilikuwa na furaha ya kugombana kwa ajili yako.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Shaabani wa spea, yule ambaye babu yake alitoka Pwani na yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari, ila anaongea kama amefika na gari la asubuhi. Nikamweleza. Akaingia kwenye makasha yake, akatoka na vidomo viwili vya shaba vyenye hesi, ile mistari ya kukazia, vizito, vya zamani, amevifunga kwenye gazeti.

"Hivi, bibiye, havishiki kutu. Ila usivikaze kwa hasira. Shaba si chuma, ukiikaza mno inapasuka."

"Mimi sina hasira."

"Najua." Akatabasamu kwa adabu, wanavyotabasamu watu wa Pwani. "Ni vya gari la Sekela? Mpe hongera zangu. Niliogopa ombi lake lingekataliwa."

"Ombi lipi?"

"La Makete. Alikuja hapa kununua betri za tochi, akaniambia walitaka kumpa Kyela hapa hapa, akaomba apelekwe Makete."

Nilicheka. Kile kicheko changu cha mnadani. Nikamwambia, "Ndiyo, mzee wangu, mimi ndiye niliyemshauri." Nikatoka nimebeba shaba zangu, jua linawaka, na sikuliona jua.

Nilikukuta unapiga pasi. Sikuvua hata viatu.

"Walikupa Kyela?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaikataa?"

"Ndiyo."

Hukutetemeka. Hapo nilikuchukia na nilikuonea fahari kwa wakati mmoja, nikachagua chuki kwa sababu ilikuwa karibu. Nikakuuliza kwa nini. Ukaisimamisha pasi, ukaniambia, na nitayaandika kama ulivyosema ili uyaone yalivyo kwenye karatasi:

"Mama, hapa mimi si Sekela. Mimi ni mtoto wa Mama Sekela. Nikimtibu ng'ombe akipona, wanasema mama yake mjanja. Akifa, wanasema angemwita mama yake. Nimesoma, nimemaliza, na bado nikiingia dukani wananiuliza mama hajambo. Nataka mahali ambapo hawakujui."

Nikakuambia, na gari? Nahangaikia gari kwa ajili ya nani?

"Mkweche wako sichukui. Gari lina jina lako mgongoni na lina kelele kama wewe. Nikifika nalo, utakuwa umefika kabla yangu. Nitapanda basi."

Basi nami nikasema yangu. Nilisema panda, na ukigandishwa barabarani usinipigie simu, wapigie hao wasionijua. Mengine niliyasema kwa Kinyakyusa, hayaandikiki, na siyafuti. Ulipoondoka chumbani niliikuta pasi imeunguza shati lako la kazi, na nilifurahi.

Tangu hapo tukawa tunaongea kwa kupitia kuku. "We kuku, mwambie mwenzako mbalaga ya ndizi imeiva." "We kuku, mwambie mama yako nimeshiba." Yule kuku amekonda kwa mizigo ya maneno. Na gari likabaki pale uani, boneti liko wazi kama mdomo wa mtu aliyeduwaa, kile kidomo kilichokatika kimekaa ndani ya injini. Nilisema lioze.

Lakini mimi siwezi kuona kitu kimefunguliwa na Gwakisa kikakaa wazi mbele ya macho ya watu. Huo ndio ukweli, usijidanganye na mwingine. Nililirudia gari kwa sababu ya Gwakisa.

Nilichukua kipande cha msumeno wa chuma, nikakifunga kitambaa pa kushikia, nikakiingiza ndani ya lile tundu. Bomba la kutu lililokwama humo huligongi. Ukiligonga linazama, linashikilia zaidi, na Gwakisa mjinga hajui. Unalikata kwa ndani, polepole, mstari mmoja, halafu mwingine jirani yake, unasikiliza kwa kidole usije ukagusa hesi za injini, mpaka kile kipande katikati kilegee chenyewe kijikunje ndani. Ndipo unakichomoa. Nilikata tangu asubuhi. Kila nikivuta msumeno nilikuwa nakukata wewe. Hili la Makete, vuta. Hili la kuku, vuta. Hili la kusimama kanisani umeinamisha kichwa huku mimi natukana watu wasio na kosa, hapo nilivuta mpaka msumeno ukakatika, nikatafuta mwingine.

Wakati huo wewe ulikuwa unapita na ndoo zako za maji, unaangalia upande wa shamba la kakao kana kwamba kakao ndiyo imekuita jina.

Kikatoka. Nimekiweka hapa kwenye benchi, ni kitu kidogo kama jino la mzee. Nikachukua msasa, nikasafisha tundu mpaka chuma kikawa cheupe, nikazungushia ile tepu ya mafundi bomba kwenye shaba za Mzee Shaabani, nikazifunga. Na hapa, Sekela, ndipo nilipopata taabu. Unanijua. Mimi nikikaza kitu nakikaza mpaka kilie. Mitungi ya maji humu ndani hufungui wewe, hafungui mtu. Magunia yangu ya mchele Karonga walikuwa wanayafungua kwa panga. Spana iko mkononi, kidomo kimekaa, kimetulia, na mkono wangu bado unataka. Unasema kidogo tena, kidogo tu, ili asiponyoke. Yaani, ili kisiponyoke.

Nikaiweka spana chini. Nikatembea mpaka kwenye mgomba nikarudi. Nikaiacha ilivyo.

Nikavisha mipira mipya, nikairudisha mpaka kwenye ile rejeta ndogo ya ndani, nikabana vibano. Lile bomba la baiskeli nimelitupa, halafu nikaliokota, litafaa. Nikajaza maji masafi na ile dawa ya kijani, si ya mto, na ukinijazia ya mto nitajua. Nikaliwasha, mfuniko wa rejeta uko wazi, hita iko kwenye moto, nikaliacha lingurume mpaka mapovu yakaisha, kwa sababu upepo ukibaki ndani ya mabomba unakaa njiani, maji hayapiti, injini inachemka huku hita inakupulizia baridi. Ukiona hivyo usilipige teke. Litoe upepo.

Halafu nikapima.

Unajua joto la jana mchana lilivyokuwa, hata mbwa walikuwa wameingia mtoni. Mimi nikapanda ndani, nikafunga milango, nikapandisha vioo vyote, nikaiwasha hita mpaka mwisho. Watu wakaja wakasimama. Mama wa jirani akamuuliza mumewe, "Amefanya nini huyu?" Nikawapungia mkono. Hewa ikaja kwanza na harufu ya panya, halafu vumbi la mradi wa maji wa miaka yote ile, halafu ikaja ya moto. Moto mzuri, Sekela. Ukapanda kwenye kioo chote, upande wangu na upande wako, sawasawa. Nikakaa humo mpaka nguo ikaganda mwilini. Watakuja kukuambia walimwona Mama Sekela amekaa kwenye gari analia. Waambie lilikuwa jasho. Kama wakibisha, waambie waingie wao.

Nikashuka, nikaangalia chini ya injini kwa tochi. Hakuna hata tone. Nikaenda Bondeni nikapiga honi mlangoni kwa Gwakisa, ndefu. Mkewe alicheza kweli, ndaga fijo, asante sana, mama yule. Gwakisa akatoka na kikombe chake, akainama, akaangalia vile vidomo vya shaba, akaangalia tena, akasema, "Umebahatisha." Nimemsamehe. Kesho atakuwa anasimulia kwamba alifunga yeye.

Nikarudi. Nilikuwa nimebakiwa na msasa.

Sasa hapa usome polepole, usiruke kama unavyoruka mahubiri.

Umesema hapa hawakuiti Sekela. Na mimi je? Mimi wananiitaje? Siku ulipozaliwa walitoka watu chumbani wakasema hongera Mama Sekela, na tangu siku hiyo jina langu hakuna aliyeliulizia. Baba yako mpaka anakufa aliniita Mama Sekela. Mchungaji, Mama Sekela. Gwakisa, Mama Sekela. Maaskari wa Kasumulu wakinifukuza, "Simama, Mama Sekela!" Ni bibi yako peke yake huko Busale ndiye anayeniita Tumpe, na yeye akiniita ninachelewa kugeuka. Jina unalolikimbia wewe ni lako. Nililivaa mimi kwa sababu nililipenda, nikalichafua kidogo kwa kulipeleka kila mahali, mnadani, mpakani, kwenye ugomvi. Nikalichorisha kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa nyuma wa gari kwa herufi kubwa kuliko za benki. Sikujua kwamba wewe ukiliangalia unasoma jina langu. Mimi kila nikiliangalia nilikuwa nasoma la kwako.

Nimesugua. Nimetumia msasa wote uliobaki mpaka vidole vikatoa damu, ile rangi ilikuwa nzuri, nililipa fundi mzuri. Nimeondoa MAMA. Ukizunguka nyuma ya gari utaona pamebaki kiraka cha bati jeupe, halafu SEKELA. Hilo lingine sikuligusa. Si langu la kufuta.

Kelele za injini sikuziondoa. Hizo sijui spana yake.

Bado nimekasirika. Usidhani msasa umemaliza. Ungeniambia. Ungenikalisha hapa kwenye benchi ukaniambia, mama, nataka kuondoka, nami ningepiga kelele, ningelia, ningemtukana kuku, halafu ningekufungia hita. Ningefanya vile vile, ila nisingeambiwa na muuza spea. Hilo utanilipa siku moja, na mimi sisahau, hata nikizeeka nikasahau kula.

Barua hii nimeiweka ndani ya kiatu chako cha safari, cha kushoto, kwa sababu najua hutaondoka peku. Ufunguo uko ndani ya cha kulia. Ukitaka basi, utoe ufunguo uuache mezani, nenda, sitauliza. Sitatoka kukuaga. Nitakuwa chumbani, mlango nimeufunga, nasikiliza kama ni miguu yako inayokwenda barabarani au ni injini. Kama ni injini nitaijua kabla hujafika kwenye mgomba wa kwanza, na hutajua nimefanya nini humo chumbani, na hayakuhusu.

Ukifika Isyonje, washa hita kabla ya kuanza kupanda. Kabla, si baada. Na ukungu ukikukuta, futa upande wako tu, kama siku ile. Huku kwangu hakuna mtu.

Tumpe wa Busale